Nilivyotumwa London Kumwombea Baba Radhi

Walimu wenzangu, tangu nirudi sijapumua. Kila nikiingia ofisini mnaacha kusahihisha madaftari, mnanikodolea macho. "Bi Zuhura, vipi London? Umemuona? Kasema nini?" Nikaanza kueleza, kengele ikalia. Nikaanza tena kesho yake, mkaguzi akaingia. Basi nimeona niandike. Pokezaneni karatasi hizi, na atakayezimwagia chai atanitambua.

Mambo ya viza na tiketi siyaandiki. Yalinitoa jasho, yakaisha, alhamdulillahi.

Kwa wale mliohamia skuli yetu juzi juzi, baba yangu Mzee Haji, miaka michache baada ya Mapinduzi, alipelekwa Cuba kusomea ufundi wa mitambo ya sukari. Alikaa huko miaka mitatu na ushei. Aliporudi akamuoa mama, tukazaliwa sisi. Kwamba alikotoka aliacha mtoto wa kiume, hilo tuliambiwa tukiwa watu wazima, tena kwa sentensi moja tu: "Mna kaka yenu Cuba, jina lake Evelio." Hakuna aliyethubutu kuuliza ya pili.

Mwaka huu moyo wa baba ulianza kumchezea. Daktari alituita pembeni. Baba, ambaye hakuhitaji kuitwa pembeni ili ajue, akaanza kazi anayoianza kila mtu wa kwetu akiona safari imekaribia: akaomba radhi. Waliitwa majirani, akaitwa muuza samaki aliyegombana naye mwaka wa njaa, wakaitwa mafundi aliowahi kuwafukuza kazini. Kila mmoja aliambiwa, "Kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, niwie radhi," naye akajibu, "Nimekuwia radhi, duniani na akhera." Akanywa kahawa, akaenda zake. Dakika mbili kwa mtu. Akabaki mmoja.

Huyo mmoja ni Evelio. Binamu yangu Asha aliyeko London alikuwa ameshampata mtandaoni. Evelio alicheza besiboli ya kulipwa Marekani kwa miaka mingi, sasa amestaafu na ni kocha. Namba yake baba alikaa nayo miezi. Siku moja alimpigia, ikaitikia sauti ya kiume, baba akakata. Mimi nilikuwa nikiandikiana na Evelio salamu za juu juu, na ndiye aliyenijulisha kuwa timu yake inakwenda kucheza London. Baba aliposikia akasema, "Nenda wewe. Mambo haya hutumwa mtu." Mimi ndiye mkubwa kwa mama yangu. Nikafunga mzigo.

Unguja hadi mawinguni

Mzigo wenyewe ulikuwa halua. Niliambiwa na kila mtu kuwa London kuna kila kitu, na kila aliyeniambia hivyo alinipa kikapu cha halua nimpelekee nduguye.

Ndege ya kwanza ilikuwa salama. Uwanja tuliobadilishia ndege ndio uliotuweka saa tisa nzima kwenye viti vya chuma, kila baada ya muda tukiambiwa "kidogo tu". Baridi ya mle ndani ilinipata mifupani, maana nilivaa kama mtu anayekwenda arusini Makunduchi. Pembeni yangu alikaa mama wa Kenya, muuguzi, anarudi kazini kwake London baada ya kumzika mama yake. Jina lake Wambui. Hakuniuliza kitu, alifungua begi akatoa sweta akanivisha kama mtoto.

"Sasa wewe umetoka nyumbani hivi? June ya London si June ya kwenu," akasema.

Tukala halua ya watu, Mungu anisamehe na wenyewe wanisamehe. Akaniuliza safari ya nini, nikamwambia.

"Kwa hivyo unaenda kumwambia huyo kaka yako baba alimkosea nini?"

"Hapana. Husemi kosa. Unasema kama nimekukosea, kwa kujua au kutojua. Inaingia yote."

Wambui akacheka mpaka akashika ubavu. "Haki ya Mungu! Kumbe nyinyi watu wa pwani mnaomba msamaha kwa jumla! Sisi kwetu ni rejareja, moja moja, na wazee wanasikiliza."

Nami nikacheka, nikamwambia ndiyo maana sisi tunamaliza mapema. Tulipoagana Heathrow nilitaka kumrudishia sweta lake akakataa katakata. Ninalo mpaka leo, na sijui hata anakaa mtaa gani.

Heathrow hadi Tottenham

Asha alikuwa amenisubiri tangu alfajiri. Yeye ni mtoto wa ami yangu, ameishi Tottenham zaidi ya miaka ishirini, anatunza wazee majumbani mwao. Alinikumbatia, akalia, kisha akauliza, "Halua imefika?"

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, tukabadilisha, tukapanda nyingine. Wanawe wawili wa kike walikuja kunipokea kituoni. Niliwasalimia kwa Kiswahili cha nguvu, wakaelewa kila neno, wakanijibu kwa Kiingereza. Nikiwaambia "Chukueni kikapu hicho, kizito," wanakichukua wakisema "No worries, aunty." Nilitaka kuwakanya, halafu nikakumbuka nimekuja nchi ya watu kuomba, si kufundisha.

Nyumba ya Asha ipo ghorofa ya nne, katika majengo ya baraza la mji, na lifti huwa nzima inapotaka. Jirani Mnigeria alinibebea begi hadi mlangoni bila kuambiwa, akashuka tena ngazi zote. Nilimuombea dua kwa sauti na yeye akasema amina kwa sauti.

Mume wa Asha, shemeji Khamis, ni mtu wa Pemba, mkarimu, na anajua kila kitu. Siku za wiki anaendesha gari la mizigo, na siku za mechi anavaa koti la manjano anaongoza watazamaji uwanjani Wembley. Nilimwonesha ujumbe wa Evelio: mechi Jumamosi, tiketi zipo langoni kwa jina langu, nionane naye baadaye kwenye uzio wa upande wa wachezaji. Khamis hakuusoma hadi mwisho, palipokuwa na jina la uwanja ambalo mimi halikuniambia kitu.

"Shemeji, tulia. Uwanja London ni mmoja. Mie nafanya kazi pale. Nitakuingiza kama malkia."

Wembley

Jumamosi tulitoka watatu, na chungu cha wali wa nazi kimefungwa kwa kanga, maana Asha alisema mtu hamkutani nduguye mara ya kwanza mikono mitupu. Tulikata London hadi upande wa pili, mvua ya rasharasha inatudondokea, Khamis mbele amevaa koti lake la manjano ingawa hakuwa zamu.

Tulipotoka kituoni, uwanja ule upo, mkubwa kweli, mtu unainua shingo. Watu hawakuwepo. Palikuwa na watalii wachache wanapiga picha na mfanyakazi mmoja anafagia. Khamis akamuuliza mwenzake wa langoni, wakanong'ona. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka.

"Wanasema leo hapa hamna kitu."

"Hamna kitu vipi?" Asha akadaka. "Si unafanya kazi hapa?"

"Nafanya kazi hapa, sijasema naishi hapa!"

Tuligombana pale njiani, chungu chetu mkononi, kwa Kiunguja na Kipemba, kwa sauti ya nyumbani. Mimi nilikuwa karibu kulia. Baba yuko kitandani Unguja anahesabu pumzi, na mimi nimesimama na wali mbele ya uwanja mtupu. Tukasikia mtu anasema nyuma yetu, "Enyi watoto wa Unguja, mnaonaje mkigombania ndani, msirowe?"

Alikuwa bibi wa Kihindi, mfupi, amesimama mlangoni mwa duka la viungo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha bibi zetu, safi, hakijachuja. Jina lake Bi Kusum. Aliondoka Unguja na wazazi wake akiwa msichana, baada ya Mapinduzi, na hakurudi tena. Alituketisha juu ya magunia ya mchele, akatuletea chai ya tangawizi na bhajia za moto. Tukamweleza habari yetu.

"Besiboli?" akasema. "Mjukuu wangu kaondoka asubuhi kwenda hiyo hiyo. Stratford, wanangu! Mwisho wa dunia! Lakini treni ni moja tu, hapo hapo kituoni mnapanda, mnakaa, mnashuka ya mwisho."

Khamis aliinama akaifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

Bi Kusum alitufungia bhajia nyingine za njiani, hakutaka tulipe. Alinishika mkono akaniuliza kama wanafunzi wa skuli yake ya Ng'ambo bado wanapanga foleni ya urojo nje ya ukuta. Nikamwambia bado, na mimi mwenyewe nafundisha jirani ya hapo. Akasema, "Kula kibakuli kimoja kwa ajili yangu." Nilikula juzi, nikamsomea na dua.

Stratford

Mechi ilianza saa nane, sisi tulifika saa kumi kasoro. Mpira wa miguu ungekuwa unakwisha. Besiboli, ndugu zangu, ilikuwa haijafika hata nusu. Sijapata kushukuru mchezo kwa uzembe wake kama nilivyoushukuru ule.

Langoni mlinzi, kijana wa Kisikh mwenye kilemba, alikitazama chungu chetu kwa huzuni ya kweli. Vyakula vya nje haviruhusiwi. Asha alimwelezea habari yote tangu Cuba. Yule kijana akasema atakiweka chini ya meza yake, na akakitunza. Tulipokichukua jioni alikuwa amekifunika kwa koti lake ili kisipoe.

Ndani sikuelewa kitu. Mmoja anarusha mpira, mmoja ameshika gongo, wengi wamesimama wakingoja. Watatu walikuwa wametupwa mbali kabisa, kila mmoja peke yake kwenye majani, mikono magotini.

"Wale wamekosa nini?" nikamuuliza Khamis.

Mzee mmoja Mmarekani aliyekaa mbele yetu aliona nanyoosha kidole, akanieleza taratibu kama ninavyowaeleza darasa la kwanza. Wale ndio walinzi wa nje. Mpira ukiwapita wengine wote, wamebaki wao tu. Wanaweza kukaa saa nzima bila kuugusa, na siku wakiukosa mara moja, watu wote wanaona. Nikamwambia kaka yangu alikuwa mmoja wao, upande wa kushoto, nikamtajia jina. Yule mzee akavua kofia yake. "Evelio? Alikuwa anarusha kutoka kule mpaka hapa kwa mkupuo mmoja," akasema. "Mwanangu alilala na picha yake ukutani."

Basi akanionesha alipo. Alikuwa amesimama karibu na kituo cha kwanza wanachokimbilia wachezaji, kofia ngumu kichwani, anawaelekeza vijana. Sikuhitaji kuoneshwa mara mbili. Alisimama mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama baba anavyosimama anapokagua kazi ya fundi. Machozi yalinitoka nikasingizia baridi.

Mchezo ulipokwisha, jua bado lipo, tukachukua chungu chetu langoni, tukaenda kwenye uzio. Akaja. Mrefu, mvi pembeni, uso wa mdogo wangu wa kiume ungedhani umechongwa upya kwa mti mweusi zaidi.

"Wewe ndiye Zuhura," akasema. Tulizungumza Kiingereza, changu cha darasani, chake cha Marekani chenye ladha ya kwao.

Nilimkumbatia juu ya uzio, chuma kikanichoma tumboni. Halafu, kwa haraka yangu ya kialimu, na kwa kuwa niliona watu wanamwita, nikasema pale pale: "Baba mgonjwa sana. Amenituma nikuombe radhi. Kama amekukosea, kwa kujua au kutojua, umsamehe." Nikangoja jibu la dakika mbili.

Evelio akavua kofia. "Kama?" akasema.

Nikaanza kuyarudia maneno yale yale.

"Kama amenikosea? Baba yako anajua alichofanya. Akitaka nimsamehe, akitaje mwenyewe. Si 'yote'. Kitu kimoja, anakijua. Mimi sitamsaidia kukikumbuka, na wewe usimsaidie."

"Lakini kaka, huenda asifike wiki ijayo."

Niliona limemgusa. Hata hivyo akatikisa kichwa. "Jumatatu sina kazi. Nitakuja kwenu nile chakula. Wewe huna kosa kwangu, na nimefurahi kukuona kuliko unavyofikiri. Lile jingine ni lake." Akachukua chungu cha wali kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka nacho.

Jumapili

Jumapili nilimpigia baba. Nikamwambia ameonekana, mzima, anasimama mkono nyuma ya mgongo kama wewe. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Kaniwia radhi?"

"Anataka utaje ulichomkosea, baba. Mwenyewe. Anasema kipo kitu kimoja unakijua."

Nilisikia feni yake inavyokwaruza.

"Si nilimuacha? Anajua nilimuacha."

"Nadhani silo hilo, baba."

Akasema, "Zuhura, kuna maneno mtu hayatamki mbele ya mtoto wake," akakata. Nilipompigia tena hakupokea.

Asha alikuwa akikuna nazi kwa hasira. "Angesema tu nimesamehe, angepungukiwa nini? Neno moja kwa mgonjwa!" Khamis akasema huyo ameshakuwa Mzungu. Mimi nilijifungia bafuni nikafungua bomba nikalia. Nilimkasirikia Evelio, mtu amekwenda hewani saa ishirini kumuomba, naye anaweka masharti. Halafu nikamkasirikia baba. Halafu nikajiona mimi, mwalimu, ninayewasimamisha watoto kila siku mbele ya darasa na kuwaambia "Sema umefanya nini", na mtoto akisema "Nisamehe yote" simkubalii. Maneno ya Wambui yakanirudia, jumla na rejareja, na safari hii sikucheka.

Jumatatu, ghorofa ya nne

Evelio alikuja saa sita mchana. Lifti ilikuwa imekataa kazi, akapanda ngazi zote na goti lake bovu, chungu chetu kimeoshwa mkononi. Ndani ya chungu alikuwa ameweka machungwa. Asha alipoyaona hasira zote zilimwisha. "Huyu ni mtu wa kwetu," akasema. "Harudishi chombo kitupu."

Tulikula pilau na kachumbari mkekani. Alitutazama mara moja tu, akakunja mikono ya shati, akala kwa mkono. Akala tena. Na alipokuwa akila akatupa maisha yake, bila kuulizwa sana.

Alizaliwa katika mji mdogo wenye kiwanda cha sukari. Mama yake alipika katika kantini ya wafanyakazi, na hapo ndipo alipomjua baba. Watoto wa mji ule walicheza besiboli kwa mpira wa matambara na glavu za turubai la magunia. Evelio alipendwa na makocha kwa mkono wake. Akapanda kutoka timu ya kiwanda hadi ya mkoa, hadi akavaa jezi ya taifa. Akiwa na miaka ishirini na tatu, timu ikiwa nchi ya watu mashindanoni, alitoka hotelini kupitia mlango wa jikoni, asirudi. Kwao nyuma aliacha mama yake na binti wa miaka miwili.

Miaka miwili alilala kwenye mabasi ya timu ndogo ndogo Marekani, akila mkate na siagi ya karanga, hajui hata neno la kuagizia chai. Kisha akapanda ligi kubwa, akakaa misimu kumi. Mama yake alifariki katikati ya mmoja wapo. Aliletewa habari kwa simu saa moja kabla ya mechi, na kurudi kwao kumzika hakukuwezekana, maana aliyetoroka haruhusiwi kurudi.

"Nikacheza," akasema. "Nilisimama kule mbali nikalia mechi nzima, hakuna aliyeona. Ndiyo faida ya nafasi ile."

Asha alifuta macho kwa mtandio. Mimi nikamuuliza habari za yule binti.

"Alipokuwa mkubwa alinitafuta. Nikamwambia, nisamehe kila kitu. Akaniambia kila kitu si kitu. Taja kimoja. Ilinichukua mwaka mzima kukitaja. Usiku wa kuamkia safari nilimuahidi nikirudi nitamletea viatu vyekundu, na nilijua sirudi. Alikaa mlangoni wiki nzima. Nilipokisema hicho, ndipo aliponikaribisha kula kwake." Akanitazama. "Kwa hivyo sikumnyima baba yako, Zuhura. Nimempa nilichopewa mimi."

Hasira niliyokuwa nayo juu ya ndugu yangu iliisha hapo hapo, nikaona haya kwamba nilikuwa nayo.

Simu yangu ikalia. Alikuwa baba, yeye ambaye namba hazioni na siku zote huomba jirani ampigie.

"Yupo?"

"Yupo, baba."

"Mpe. Na nyinyi msiondoke."

Niliiweka simu mkekani, sauti wazi. Baba akakohoa, akaanza kusema Kispania. Miaka yote ya maisha yangu sikuwahi kumsikia akikisema. Ilikuwa sauti ya kijana nisiyemjua, inajikwaa, inatafuta neno, inalipata. Evelio alianza kutabasamu, akaniambia baadaye ni kwa sababu baba alisema kama walivyosema vijana wa zamani, maneno yasiyotumika tena. Halafu tabasamu likamtoka, akaweka kiganja sakafuni. Sikuelewa ila majina. Hii ndiyo tafsiri aliyonipa mwenyewe, na baba ameithibitisha.

"Uliniandikia barua ukiwa na miaka kumi na mbili," baba alisema. "Bahasha ya buluu. Niliijua kwa stempu kabla sijaigusa. Mke wangu alikuwa uani anamkogesha Zuhura. Niliogopa. Sikuifungua. Nilichukua kalamu nikaandika juu yake kwamba mtu huyu amekufa, nikairudisha posta mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Niliandika kwa Kispania, ili watu wa posta ya kwenu wafahamu."

Evelio akasema, "Unguja nzima, nani mwingine angeandika Kispania? Mama aliitazama akaijua hati. Nilijua uko hai kwa sababu ulijiandika maiti."

"Najua. Nilijua siku ile ile, nikirudi kutoka posta. Sikugeuka. Nisamehe kwa bahasha ile."

Asha alinishika mkono, hakujua kinachosemwa, na mimi sikujua, ila sote tulijua kinachosubiriwa. Nilikuwa nikisoma kila aya niliyoijua. Evelio alijifuta uso kwa mkono uliokuwa na mafuta ya pilau, akainamia simu, akasema polepole maneno mawili. Baba aliangua kilio kule Unguja, kilio cha sauti, na nikajua amepewa.

Baba yu hai hadi ninapoandika, kwa uwezo wa Mola, na daktari hana la kusema. Ijumaa mkipita dirishani kwetu mkasikia lugha ngeni, ni wao wawili kwenye simu. Ninamshukuru Mungu, na Wambui, na Bi Kusum, na kijana wa kilemba, na Asha, na hata Khamis, ambaye ameniomba nisiandike habari ya Wembley. Nawashukuru na nyinyi mlionishikia vipindi vyangu.

Lakini mliniuliza alisema nini, na kama hilo ndilo mnalolitaka, basi ni lile la mwisho walilosemezana siku ile. Baba alipotulia aliuliza, "Barua ilisema nini?"

"Kwamba nimechaguliwa timu ya watoto ya kiwanda. Kwamba nitacheza Jumapili, upande wa kushoto."

"Mlishinda?"

"Tulifungwa. Mpira ulikuja kwangu, nikaudondosha."

Tukasikia feni ya baba. "Basi niwie radhi na hilo pia," akasema.

Evelio alicheka huku machozi yanamtiririka. "La, papá," akamwambia. "Hilo ni langu. Ule niliudondosha mwenyewe."